Mwendo wa Uradi

Assalaam alaykum, mama zangu na wenzangu. Ahsanteni kwa kiti, lakini kiwekeni hapo pembeni, nitasema nimesimama. Nimejiapiza leo silii, basi mkiniona nakatika sauti nivumilieni.

Mie mnanijua, mshona kofia. Miaka yote nimekaa na sindano, miguu nimeikunja, sahani ya chapati ubavuni. Nikanenepa, watu wakanisifu, huyu mumewe anamtunza. Nami nikicheka. Kumbe ndani mwili unawaka. Maumivu yalianza vidoleni, yakaja viwikoni, yakashuka magotini. Magoti yakavimba, ukiyagusa yana moto. Nikawa nasali kwenye kiti.

Ndugu zangu, hilo la kiti ningelivumilia. Lakini mama yangu alikuwa kitandani hapa hapa Ole, upande mmoja umepooza, na mtoto wake wa kike ni mimi peke yangu. Siku moja namlisha uji akaniambia, "Nikifa, unikoshe wewe. Sitaki mkono mwengine." Nikamjibu inshaallah, na huku najua kupiga magoti siwezi. Na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa uchaguzi, mnaukumbuka, watu hatuzikani. Mkoshaji maiti wa mtaa wetu chama chake na chetu mbali mbali, tukikutana njiani hanisalimii, nami simsalimii. Nisipomkosha mimi, nani? Nikawa nalia jikoni, nikiulizwa nasingizia moshi.

Basi nikasikia mazoezi yanapunguza mwili. Nikaingia na vijana wa hapa wanaokimbia alfajiri, nikavaa raba za mwanangu, nikapanda nao kilima nahema. Nikarudi natetemeka homa, magoti yamekuwa maboga. Mwengine angeacha. Mie nikasema dawa inayochoma ndiyo inayoponya, haya mafuta yanayeyuka. Kesho yake nikazidisha, na kesho kutwa nikazidisha tena, mpaka nikaanguka barabarani. Nikarudishwa nimepakiwa nyuma ya baiskeli, vijana wanaisukuma, watu wanacheka. Ukubwa wote huu juu ya baiskeli, nani asingecheka.

Baada ya hapo sikuinuka. Mama kitanda kile, mie kitanda hiki, tunatazamana. Nawaambieni ukweli, nilimuomba Mungu anichukue mimi kwanza, nisije nikashindwa kumkosha mama yangu.

Shoga yangu mmoja ndiye aliyenipeleka mjini Chake Chake kwa daktari. Akanipima damu, akaniuliza nimefanya nini. Nilipomwambia hakucheka. Akasema, "Bibi, mwili wako umekaa sana na una uzito mwingi. Una uvimbe wa ndani, hata kwenye damu unaonekana. Mazoezi yanautuliza, lakini yakizidi nguvu zako yanauchochea. Wewe tembea, mwendo wa kuweza kuzungumza. Ukikosa pumzi ya kusema, umezidisha."

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Nizungumze na nani, na natembea peke yangu? Mama, kwa ulimi wake ule mzito, akasema, "Leta uradi, mtaje Mungu."

Basi ikawa kila baada ya alasiri naizunguka nyumba, naleta uradi kwa sauti, mama yuko ndani karibu na dirisha anasikiliza. Pumzi ikikatika tu, linatoka neno moja: "Taratibu." Napunguza. Mwanzo nilikwenda nimeshika ukuta, na nilikata tamaa mara nyingi kuliko nilivyozunguka. Nikamwambia mama, huu si mwendo, huku ni kujidanganya. Akanisubiri mpaka nikaanza tena. Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, msimu mwengine ukaingia, na mie nimeshatoka uani, nakwenda mpaka skuli na kurudi. Chapati nilizipunguza, kuziacha sikuziacha. Moto wa magoti ukapoa. Daktari akapima tena, akasema uvimbe umeshuka. Mwili bado mkubwa, mnauona wenyewe.

Mama alifariki siku ya Ijumaa. Tukatayarisha kitanda cha kukoshea, kile kifupi, nikapiga magoti mwenyewe bila kushikwa. Wa kunimwagia maji hakuna. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia yule mkoshaji. Akachukua kata ya maji. Nikaanza kumkosha mama huku naleta uradi ule ule, na nilipofika kwenye mkono wake uliopooza, pumzi ikanikatika. Nikangoja lile neno. Nilisahau kama mwenye kulisema ndiye huyu ninayemkosha. Yule mwanamke akaniwekea mkono begani, akasema, "Taratibu, mwenzangu."

Yumo humu leo. Simtaji, mwenyewe anajijua. Ahsante. Ahsante na shoga yangu, na yule daktari, na wale vijana wa baiskeli. Wenzangu mnaokaa na sindano kutwa, nyanyukeni, lakini msishindane na mtu. Vijana na wakimbie, wanaweza. Mwili uliokaa miaka hauamshwi kwa kofi.

Basi, nimemaliza. Kile kiti mpeni mwenye magoti mabaya. Mie nakaa mkekani.