Koti la Kijivu Sokoni

MKWE: [Kifuniko cha sufuria kinagonga sakafu gizani.] Ala! — Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Mimi, mama mkwe wako. Hata jina langu hujaliweka kwenye simu?

MKWE: Shikamoo, mama. Umeme umekatika, nimepokea kwa kupapasa.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu amekula?

MKWE: Ndio kwanza napakua. Huko kwema? Mbona unahema?

MAMA: Kaa chini kwanza.

MKWE: Usinitishe, mama.

MAMA: Nimemwona.

MKWE: Nani?

MAMA: Mume wako.

[Mtandao unakwaruza.]

MKWE: Mama... si tulimzika?

MAMA: Udongo nilitia kwa mkono huu, najua! Lakini leo nimekwenda sokoni kununua uzi, nikamwona huyo mbele yangu, kanipa mgongo. Koti lake lile la kijivu. Na bega moja limeshuka, kama lake tangu alipoanguka utotoni. Nikaita, nikaita — akapotelea kwenye watu.

MKWE: Uso uliuona?

MAMA: Niliuona... nimeuona.

MKWE: Umesema alikupa mgongo.

MAMA: Sasa unanihoji kama askari? Kesho asubuhi mvalishe mtoto, nitampitia. Tutakaa pale kwa muuza nyuzi mpaka apite tena. Amwone baba yake.

MKWE: Hapana, mama.

MAMA: Hapana?

MKWE: Nguo zake tulizigawa baada ya msiba. Wewe ulisema zisije zikaliwa na nondo. Lile koti lilikuwemo.

MAMA: Koti, sawa. Na bega nalo tuliligawa?

MKWE: [Anakohoa kidogo.] Nisikilize. Juzi kwenye darasa letu la jioni tulichora nukta mbili kwenye karatasi. Unafumba jicho moja, unakodolea nukta moja, unaisogeza karatasi polepole — ile nyingine inatoweka. Na huoni shimo, unaona karatasi nyeupe tu. Pale jicho halioni kitu, ubongo ndio unatia kiraka.

MAMA: Haya, profesa wa jioni. Mimi na viraka vya ubongo wapi na wapi?

MKWE: Wewe fundi cherehani. Kiraka kizuri ni cha kitambaa gani?

MAMA: Kilekile cha nguo. Kisijulikane.

MKWE: Basi macho yako yalileta koti tu, mama. Kilichobaki umekitoa kwako mwenyewe. Kitambaa chake unacho kingi.

MAMA: Lakini bega, mwanangu! Bega nililiona kwa —

MKWE: Lipi lilishuka?

MAMA: La upande wangu wa mkasi. La kulia.

MKWE: La kulia?

MAMA: Si nilikuwa nyuma yake? La kulia, nakwambia, nili— Ngoja. Lake lilikuwa la kushoto.

MKWE: Mama...

MAMA: Koti lile nililishona la harusi yenu. Nikatia sponji ndani, kushoto, mabega yalingane, watu wasimcheke. Sasa mwenye mabega sawa akilivaa... kushoto kunapanda. Kulia kunaonekana kumeshuka.

MKWE: Mama, usilie.

MAMA: Mshono wangu mwenyewe, jamani.

MKWE: Pole, mama yangu. Pole.

MAMA: Soko zima liligeuka nilivyoita. Yeye tu hakugeuka. Mwanangu angegeuka. Pale pale ningejua.

MKWE: Ungejuaje? Mimi kila mlango ukifunguliwa bado nainua kichwa.

MAMA: Na wewe?

MKWE: Na mimi.

[Mtandao unakwaruza.]

MAMA: Vocha inaniishia. Mtoto usimwambie neno, unasikia? Asije akatamani bure —

MKWE: Amesimama hapa, mama. Simu hii bila spika haisikiki, amesikia yote... Haya, shika, msalimie bibi upesi kabla haijakata.

MTOTO: Bibi, mimi sura ya baba siikumbuki.