Pengwini na Mtoto wa Makrina

Benchi la kahawa la Zaina hapa Nachingwea limepakana na chumba cha intaneti, na mwaka 2009 mtandao wao usio na waya ulitufikia mpaka pale tulipokaa. Alasiri moja ya Julai, mwalimu Domitila, mtu wa Bukoba anayefundisha Ruangwa, alikuja kukaa nasi na laptopu yake mapajani kwa sababu ndani kulijaa. Mdogo wake Makrina, anayesoma India, alikuwa amejifungua wiki hiyo, na saa kumi ndiyo wangeonana kwa video. Sura ya Makrina ikatokea, ikasema "Dada!", ikaganda. Mara ya tatu hiyo.

— Mawimbi hayo, akasema Salimu fundi redio, ambaye tunamwita Antena. Geukia Masasi, mwalimu.

Domitila akageukia Masasi. Mtandao ukarudi, ukakaa dakika mbili, ukakata.

— Mawimbi wapi! Salfa hiyo, akasema Severini, anayepulizia mikorosho dawa hiyo. Msimu huu imejaa hewani. Mtandao nao unapita hewani, lazima ukohoe.

— Mbona simu yangu haikohoi? Antena akauliza.

— Simu yako imeshazoea. Laptopu ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje hapo?

— Taratibu.

Antena akamgeukia mwalimu.

— Kwani umeweka Windows gani?

— Sina Windows. Hii ni Linux, ile ya bure, yenye nembo ya pengwini.

— Pengwini! Antena akadakia. Ndege wa barafu unamleta jua hili? Ameshazimia huyo! Zaina, lete mtungi wa maji hapa.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha tukaona Domitila anafuta macho kwa ncha ya kitenge, tukaacha utani.

Ndipo Raudha muuza maandazi akafika, akatua beseni.

— Mwalimu, asubuhi nilikukuta humo ndani unasoma barua zako saa nzima, wala mtandao haukukatika. Ndani mna nini ambacho hapa hakipo?

 

— Umeme, Domitila akasema polepole. Ndani nilichomeka chaja. Hapa natumia betri... Jamani, kadi ya mtandao inabana matumizi ya umeme. Inasinzia!

Akaandika amri moja ya kuizuia isilale, akapiga tena. Dakika mbili zikapita. Tano. Kumi. Makrina akawa anaongea Kihaya mfululizo, dada yake anacheka na kulia kwa pamoja. Kichanga kikaletwa karibu, kikapiga mwayo mrefu, na benchi zima likashangilia.

— Dada, nani hao nyuma yako?

Domitila akageuka, akatukuta tumebanana begani kwake.

— Wajomba zake, akasema.

Antena akavua kofia, akapunga mkono.