Mbwa Niliyemfunika Macho

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenifikisha Ijumaa hii nikiwa bado na akili zangu. Walio jikoni wapunguze moto wa chai kidogo. Leo sikuwa nimepangiwa kusimama. Nimesimamishwa na tangazo.

Ndugu yetu mmoja ametangaza hapa sasa hivi kwamba mkataba wake umekwisha, anarudi Kenya, na ana mbwa. Akasema, "Wa kwanza kuniambia baada ya ibada, ndiye atakayemchukua." Mkacheka. Mimi sikucheka. Simtaji jina, na sitamtaja mtu yeyote katika haya nitakayosema. Lakini ndugu yangu, nakuomba unisikilize kabla hujanywa chai.

Nilikuja Maskati mwishoni mwa miaka ya tisini, kazi ya nyumba kwa familia ya wazungu pale Ghubra. Baba injinia, mama, watoto wawili, na mbwa wa rangi ya kahawia, masikio marefu yanayoingia kwenye bakuli akila. Watoto walimwita Tofi. Nawaambia ukweli, sikumpenda. Kwetu Machakos mbwa hulala nje, hula makombo, na akiingia jikoni hutolewa na mwiko. Huyu alikuwa na kitanda. Nilipoambiwa nimwogeshe kwa shampuu, nilimpigia mama yangu kwa simu ya jirani, nikamwambia, "Mama, huku mbwa wanaoga kutushinda sisi." Mama akacheka, akacheka, mpaka kadi ya simu ikaisha.

Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia. Alifariki kabla ya likizo yangu. Waajiri wangu walikuwa Ulaya, pasipoti yangu ilikuwa ndani ya kabati lao, na kabati lilikuwa limefungwa. Ndugu zangu, mimi mama yangu nilimzika kwa simu. Kaka yangu alishika simu ya mkononi juu ya kaburi ili nisikie. Nikasikia wimbo, nikasikia udongo ukidondoka juu ya mbao, kisha kadi ikaisha.

Nyumba kubwa, tupu. Nikalala sakafuni jikoni kwa sababu chumbani sikuweza kuingia. Mnajua msiba nyumbani ulivyo. Watu wanakuja, wanakaa. Hawana la kusema, lakini wanakaa, na ule kukaa kwao ndio unaokubeba mpaka kuzika na baada ya kuzika. Huku hakuna aliyekuja kukaa na mimi. Ni yule mbwa aliyekuja, akalaza kichwa juu ya miguu yangu, akakaa. Nikienda chooni anangoja mlangoni. Nikirudi analaza kichwa tena. Sikumtoa na mwiko.

Haya. Mwaka uliofuata baba wa nyumba akaambiwa kazi yake imekwisha, khalas, familia ihame. Madam akabandika matangazo mawili kwenye ubao wa duka kubwa tulilokuwa tukinunua vitu. Moja lilisema: mbwa, mpole, msafi, anapenda watoto, anatafuta nyumba nzuri. La pili lilisema: mfanyakazi wa nyumba, mpole, msafi, anapenda watoto, anatafuta nyumba nzuri. Yote mawili pini moja. Mnacheka ninyi! Mimi nilisimama pale na toroli la maziwa nisijue nishike nini. Na simu za mbwa ndizo zilizoingia kwanza.

Mimi nilipata. Familia ya Waomani wenye asili ya Zanzibar, kule Sib, walikubali kunihamishia viza. Watu wema, Waislamu, na mbwa ndani ya nyumba yao haingii. Kwa hiyo mimi nilikuwa na pa kwenda na Tofi hakuwa na pa kwenda, waliopiga simu hawakurudi. Kumsafirisha pamoja na familia kulitaka chanjo na vibali vya mapema, na mapema ilikuwa imeshapita. Hakuna aliyefikiria mbwa mpaka masanduku yalipoanza kufungwa. Rafiki yangu mmoja alinifariji, akasema, kwani ni nini, mwambie madam amtoe tu, baadaye utanunua mwingine mdogo. Alinionyesha mtu aliyekuwa akiuza watoto wa mbwa kwenye katoni, nyuma ya gari, macho hayajafunguka sawasawa. Nikamuuliza mwenye katoni, "Mama yao yuko wapi?" Akafunga buti la gari.

Kisha akapiga simu mtu aliyekuwa akijenga Mabela. Alitaka mbwa wa kulinda simenti. Madam alimuuliza swali moja tu, nililisikia kwa masikio yangu: "Unaweza kumchukua kabla ya Alhamisi?" Hakuuliza kama kuna kivuli. Hakuuliza nani atampa maji, wala kama yule bwana amewahi kufuga mbwa maishani mwake. Simlaumu sana. Alikuwa amekaa juu ya sanduku analia.

Nikatumwa mimi nimpeleke, kwa sababu Tofi alikuwa haingii gari bila mimi. Sasa sikilizeni nilichofanya. Wenzangu wa kwetu mnajua, mbwa akihamishwa hutiwa guniani ili asiione njia. Akiiona njia, kesho yuko mlangoni pako, na mwenye kumpokea anakuja kugomba. Ndivyo baba yangu alivyofanya, ndivyo na mimi nilivyofanya, kwa nia njema kabisa. Nilichukua gunia tupu la mchele wa basmati, nikamvika kichwani mpaka mabegani. Alitetemeka kutoka Ghubra mpaka Mabela. Hakubweka hata kidogo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa juu yake.

Mabela ya wakati ule haikuwa hii mnayoiona. Ilikuwa kuta bila mapaa, vumbi, na vyuma vya ujenzi. Mlinzi akamfunga kwenye rundo la nondo, akamwekea maji kwenye kopo la rangi, juani. Nikalitoa gunia. Tofi akaangalia huku na huku, kisha akaniangalia mimi. Nilipoingia kwenye gari alivuta kamba mpaka akasimama kwa miguu miwili.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kumwona. Nilikuta kipande cha kamba. Mlinzi akaniambia kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, "Kalb ruh," yaani mbwa kaenda, akapunga mkono kuelekea kusikojulikana.

Ndipo nilipoelewa. Mbwa aliyeiona njia angeshika barabara, pengine angefika Ghubra. Wangu alikuwa mahali asipojua alifikaje. Angetafuta nini? Aanzie wapi? Nilizunguka kuta zile nikiita mpaka sauti ikakauka. Ijumaa nyingine nikarudi, na nyingine. Mbwa wa mitaani nilikutana nao, yeye hapana.

Wengine mnakumbuka niliacha kuja ushirika. Mlidhani nimepata kazi ya Ijumaa. Sikuwa na kazi. Nilikuwa natembea Mabela, au nimekaa chumbani Sib natazama ukuta. Sikula. Sikuomba, na nilipojaribu kuomba niliomba kusikuche. Nalisema wazi kwa sababu najua humu ndani si mimi peke yangu niliyewahi kuomba ombi hilo. Msiniulize nilikuwa namlilia mbwa au namlilia mama. Wote wawili walikwenda, mmoja sikuwepo, na mwingine ni mimi niliyempeleka. Kazini nilipika, nikafagia, nikaitika "naam", na ndani mwangu hapakuwa na mtu.

Pale nyumbani alikuwepo Bibi, mama wa mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Siku moja alikuja jikoni akasimama nyuma yangu.

"We mwanamke, siku hizi wali chumvi tupu. Unaupikia machozi? Kuna nini khasa?"

Nikaogopa. Katika nyumba ile, ningemwambiaje mama mtu mzima kwamba namlilia mbwa? Lakini sikuwa na nguvu za kutunga uongo. Nikamwambia yote.

"Astaghfirullah," akasema. "Mbwa!"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ukamvika gunia?"

"Ndiyo, Bibi. Kwetu ndivyo."

"Kwenu hakuna akili, basi." Akavuta kiti akakaa. Nikajua nafukuzwa. Kisha akasema, "Skiza. Mie mbwa ndani mwangu simtaki, nna udhu wangu. Lakini kiumbe kinakufa kiu na jua hili, nawe umenikalia hapa unakata vitunguu? Sie tumesomeshwa tangu chuo cha Kurani, yupo mtu kasamehewa kwa kumpa mbwa maji. Kamwambie mwanangu atoe gari."

Kabla ya kutoka nilimpigia daktari wa wanyama aliyekuwa akimtibu Tofi. Akanikataza kuita. Alisema mbwa aliyepotea huwa na hofu kiasi kwamba humkimbia hata mtu wake mwenyewe, na nikimkimbilia nitampoteza zaidi. Niache nguo niliyoivaa, na maji, pale alipoonekana mwisho. "Halafu kaa," akaniambia. "Kaa tu."

Ndugu zangu, neno hilo lilinivunja. Nilikuwa nimezunguka Mabela nzima nikipiga kelele, na lililotakiwa ni lile lile alilonifanyia Tofi.

Nikatandika leso yangu ya jikoni, inanuka vitunguu na jasho, ndani ya nyumba isiyo na paa karibu na lile rundo la nondo. Nikaweka maji. Nikakaa. Bibi alibaki garini na tasbihi yake, akilalamikia joto, vumbi, mwanawe, na mimi. Lakini kila alasiri alipomaliza kuswali alisema, "Haya, twende tukakae." Siku zilipita. Maji yalikuwa yakipungua, na sikujua anayeyanywa ni nani.

Hatimaye akatokea. Sikumtambua. Mbavu nje, sikio moja limechanika, kamba bado shingoni. Alisimama mbali. Nilimnyoshea ile leso, hakuja. Aliniangalia, akaiangalia leso, akarudi nyuma hatua. Aliogopa nguo iliyo mkononi mwangu. Hapo nilitaka kufa. Nikaiweka leso chini, nikalala kifudifudi vumbini, nikaacha kumtazama. Jua lilikuwa limeshuka ukutani nilipohisi kitu kizito kinalazwa juu ya miguu yangu.

Bibi alimruhusu akae kwenye zizi la mbuzi. "Mbuzi tushawala Idi, zizi li tupu. Bakuli lake mbali, na wewe koga kabla hujagusa sufuria zangu." Ndivyo tulivyoishi. Tofi alipona mwili, lakini moyo haukurudi wote. Ukikung'uta shuka tu, anajikojolea. Na mimi pia, nisiwadanganye, sijapona yote. Nikisikia kadi ya simu inaisha bado nasikia udongo.

Kumtafutia nyumba ya pili kulichukua muda, kwa sababu safari hii niliuliza. Wengi walichukia kuulizwa na mfanyakazi wa nyumba. Wakaja mume na mke, Wahindi wa Goa, mke ni muuguzi, wanaishi pale pale Sib. Nilikwenda kwao kwanza nikaona kivuli na maji. Wao wakaja zizini mara nyingi kukaa na Tofi, kumzoea. Mwisho nikawauliza, "Na ninyi mkimaliza mkataba Oman, yeye mtamfanyaje?" Hawakuchukia. Walitazamana, kisha yule mama akaniambia mbwa wao wa kwanza walimpeleka Goa, akaniambia na chanjo walizoanza nazo. Nikajua nimefika.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu, ambaye sikumwona wakati ule. Namshukuru Bibi, ametangulia, na hakuwahi kumgusa yule mbwa hata kwa kidole. Namshukuru daktari. Nawashukuru dada wawili wa ushirika huu waliokuja mwishoni wakakaa kitandani kwangu bila kunihubiria. Mnajijua.

Na wewe ndugu yangu mwenye mbwa, usimpe wa kwanza. Mpe atakayejibu maswali. Ukikosa mtu, njoo kwangu tutafute pamoja, hata kama umebakiwa na wiki. Na wewe unayetamani kumchukua, kwanza jiulize viza yako inaisha lini. Na wewe ndugu yangu unayehama, mbwa yule ni mtu wa nyumbani mwenu, mwezi huu anakuona unafunga masanduku, na hana wa kumuuliza.

Na siku ya kumpeleka, usimfunike macho. Mimi Tofi nilimpeleka kwa miguu, kichwa wazi, akanusa kila kona na kila mlango wa Sib. Nilimpeleka na kurudi naye, nikampeleka tena, mpaka akawa ananitangulia. Kisha nikamwacha kule, nikarudi peke yangu. Kila asubuhi nilifagia mlangoni nikiitazama njia. Njia aliijua. Angetaka, angekuja. Bibi alikuwa akiniangalia tu, mpaka siku moja akauliza:

"Hajaja?"

"Hajaja, Bibi."

"Basi keshafika kwao," akasema. "Weka ufagio, njoo ule."