Ngoma Zetu Ndani ya Roki ya Octavian

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Utamaduni, wazee wetu shikamooni, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana mliovaa nyeusi na minyororo, hamjambo? Mimi ni Anastazia, mama mzazi wa Octavian, mpiga gitaa wa bendi ya Kishindo. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini yule mrefu pale jukwaani nimemzaa mimi, na sura mnaiona ni ya nani.

Albamu yao ya kwanza niliisikiliza nikiosha vyombo. Nikamuuliza mwanangu, "Baba, huyu anayepiga mayowe ameibiwa nini?" Akacheka, "Mama, ndiyo roki hiyo." Watu hawakuipokea. Baba yake akampa sharti: na hii ya pili ikilala, aweke gitaa chini, Jumatatu aanze kazi kwenye stoo yetu ya mahindi Kibaigwa. Kwa hiyo leo mwanangu anapimwa.

Sasa roki ni nini? Nani aliyeipima akasema inaanzia hapa, inaishia pale? Nilimuuliza Octavian mpaka akachoka. "Basi mama, njoo na wenzako mpige." Sisi akina mama wa Buigiri tunapiga muheme, ngoma za Kigogo za kubana magotini, tangu usichana wetu, na hatuna wa kutufikia! Tukaingia studio na shanga zetu. Lo, kile kiyoyozi! Ngozi zikalegea, ngoma zikalia kama debe la unga. Fundi mitambo, kijana Mudrick, akasema, "Mama, msihangaike, nitaweka ngoma za kompyuta, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua, mwanangu."

Tukatoka, tukawasha moto wa mabua, tukazipasha ngozi zikakaza. Kuzirudisha ndani, zikalegea tena! Ndipo Octavian akavuta nyaya zake nje, akarekodi palepale uani, upepo wa Julai ukivuma. Mwimbaji wao, Zaitun wa Kondoa, akapandisha sauti ya kaswida aliyofunzwa na bibi yake, zeze likaitikia, na gitaa la mwanangu likapita katikati bila kumkanyaga mtu. Nikabaki nashangaa: hivi vitu vilijuania wapi? Na upepo mtausikia humo, alikataa kuufuta.

Mtaipokeaje? Sijui, na natamani kujua kuliko ninyi nyote.

Ila niwaambie moja. Sasa hivi ngoma zinapashwa moto nyuma ya ukumbi, na anayezipasha ni Baba Octavian. Alitukuta pale, akasema, "Mnaziunguza hizo, hebu nipisheni," akavua koti lake la sherehe. Nikamuuliza, "Na Kibaigwa Jumatatu?" Akanijibu bila kuinua uso, "Mama Octavian, sogea, unanizibia upepo."

Nimeishi na mume huyu miaka mingi. Hilo kwangu ni jibu.

Mheshimiwa Diwani, karibu utuzindulie albamu hii. Ninyi wa minyororo, wapisheni akina mama wapite na ngoma, bado za moto. Asanteni sana kwa kunisikiliza mimi. Haya, sasa wasikilizeni wao.