Wasifu wa Taratibu, Dereva Aliyezifungua Breki kwa Mikono Yake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutusindikizia mzee wetu: wasifu huu unasomwa na binti yake wa kwanza, na humu ndani atatajwa kama watu wengine tu, kwa sababu akianza kusema "mimi" hatafika mwisho. Mengi yaliyomo yametoka kinywani mwa mama yake, mjane wa marehemu, ambaye siku mbili hizi amekaa kando yake akimsahihisha tarehe. Ipo sehemu moja ambayo familia ingependa kuiruka. Marehemu aliagiza isirukwe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Taratibu, alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa seremala mmoja na mkewe. Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, husimulia kwamba alipokuwa na miaka sita aliifungua saa ya ukutani ili aone kinacholia ndani. Alichapwa, kisha akaamriwa airudishe kama alivyoikuta. Aliirudisha siku nzima, na saa ikatembea, ila tangu hapo kila ilipofika saa saba ilikuwa ikigonga mara nane. Baba yake akaiacha hivyo hivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1955 na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Masomo hayakuendelea, kwa kuwa baba yake aliugua na karakana ikahitaji mikono. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umakanika kwa miaka miwili, na tarehe 5 Februari 1968 akapata leseni ya udereva. Leseni ile ya kwanza, yenye picha ya kijana aliyekasirika bila sababu, aliitunza hadi mwisho.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa na idara ya maji kama dereva. Kazi yake ilikuwa kupeleka mabomba, pampu na mafundi katika vijiji ambavyo barabara ilikuwa jina tu. Kuanzia mwaka 1978 alikabidhiwa lori la kijani, lile fupi la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na humo ndani alimaliza miaka kumi na mitatu. Alilijua kwa sauti. Mkewe anasema alikuwa akilisikia likikata kona ya sokoni, anaweka maji ya kuoga jikoni, na maji yanapata moto mume akiwa mlangoni.

Mkewe huyo alimpata kwa suruali. Alikuwa fundi cherehani, amepanga kibaraza karibu na kituo cha mafuta, na dereva akamletea suruali iliyochanika gotini. Wiki iliyofuata akairudisha, imechanika palepale. Mara ya tatu fundi akaishika suruali, akaitazama kwenye mwanga.

"Kaka, hii unaichana mwenyewe."

"Ndiyo," alisema. "Sijui namna nyingine ya kuja."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu: binti aliyesimama hapa, ambaye ni mwalimu, kijana wao, fundi umeme, na binti wa mwisho, muuguzi.

Sasa tunafika pale alipoagiza.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili 1991, marehemu alikuwa akirudi kutoka kufunga pampu, pamoja na rafiki yake wa kazini, fundi bomba, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto wawili. Ilikuwa siku ya tatu wanaondoka alfajiri na kurudi jioni. Saa kumi na moja jioni, kwenye mteremko wenye kona, lori liliacha barabara na kupinduka bondeni. Marehemu alivunjika mkono na mbavu mbili. Fundi bomba alifariki palepale.

Hospitali, walipomuuliza, marehemu alisema breki zilikataa. Ndivyo alivyokumbuka: amekanyaga, pedali ikazama hadi chini. Idara ikaandika hitilafu ya gari, faili likafungwa. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Watu walimpa pole kwa miaka. Yeye hakurudi tena kwenye usukani. Aliomba kazi ya stoo, akawa anagawa koki na mipira ya mabomba hadi alipostaafu, tarehe 31 Machi 2002. Lori lile, muda wote huo, lilikuwa limelazwa nyuma ya stoo, majani yameota kwenye kebini, na dirisha lake yeye lilitazama upande huo.

Siku alipoagwa waliuliza angependa zawadi gani. Akasema, "Nipeni lile lori." Wakacheka, wakampa, maana lilikuwa linawajazia nafasi. Lilifika nyumbani likivutwa na trekta. Watoto wakaliita Mgeni, kwa sababu lilikuja bila kualikwa na halikuaga.

Mama anataka isemwe wazi kwamba alichoka. Ua wao si mkubwa. Mgeni alikaa pale kamba za nguo zilipokuwa, nguo zikahamia barazani, na baraza ikahamia sebuleni. Kichwa cha injini alikitoa wiki ya kwanza, kikakaa chini ya meza ya chakula mwaka na nusu bila kuguswa. Wageni walikunja miguu. Nati za magurudumu, zilizokuwa zimeganda kwa kutu, alizilowesha kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ya wali ya mama. Shuka ziliingia alama za vidole vyeusi ambazo hazikutoka kwa sabuni yoyote. "Mgeni wako atakula nini leo?" mama alikuwa akiuliza, na mzee anajibu bila kuinua kichwa, "Mpe tu chai." Walicheka mwanzoni. Baadaye waliendelea kuulizana na kujibizana vilevile, bila kucheka.

Majirani walidhani ni mapenzi ya gari. Mama naye alidhani hivyo, mpaka alipoona kwamba mume wake hagusi bodi wala rangi. Alikuwa anashughulika na breki tu. Kwa karibu miaka miwili alifungua gurudumu moja moja, akapangusa kila kipande kwa kitambaa, akakitandaza kwenye gazeti, akakitazama. Mabomba ya breki aliyafuata kwa kidole tangu kwenye pedali hadi nyuma, mkono wake uliovunjika ukifa ganzi, akitafuta mahali palipotoboka.

Jumatano moja ya Machi 2004, asubuhi, mama alikuwa kwenye cherehani anashona sare za shule. Mzee akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Zilikuwa nzima," alisema.

"Nini?"

"Breki. Pedi bado nene. Pampu haivuji. Hakuna bomba lililotoboka hata moja. Nimeweka mafuta mapya tu, nimekanyaga, zimeshika."

Mama akasimamisha cherehani. "Labda ni ile siku tu. Chuma kina mambo yake."

"Mama watoto, sikukanyaga breki. Nililala. Hiyo pedali nimeiota."

 Mama akamwambia alichoona ni cha busara: basi, umeshajua, imetosha, mwite mnunuzi wa vyuma chakavu alichukue hilo lori, tupumzike. Mzee akatikisa kichwa. "Shemeji hajui," alisema. Shemeji ndiye mjane wa fundi bomba.

Walikwenda wote wawili kesho yake. Mjane wa fundi bomba alikuwa mpishi wa shule, na walimkuta jikoni anachambua maharagwe, sinia mapajani. Marehemu alikataa kukaa. Alieleza akiwa amesimama, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuweka "labda" hata moja. Yule mama aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Alipoongea, hakupandisha sauti.

"Miaka kumi na mitatu nimeichukia breki, shemeji. Ilikuwa rahisi. Haina watoto, haikuja matangani kunishika mkono. Sasa unataka nimchukie nani?"

"Mimi."

"Leo nenda tu. Nenda."

Marehemu alikwenda pia idarani, akaandika upya maelezo yake kwa mkono wake, na kutia sahihi. Karani akamuuliza ayaweke kwenye faili lipi, kwani lile la zamani lilikuwa halionekani. Alirudi nyumbani, na kwa miezi mingi hakushika spana. Mvua ikanyesha ndani ya Mgeni. Binti yake wa kwanza, huyu anayesoma, alikuja likizo akamkuta amekaa barazani anatazama ukuta, akamwambia, "Baba, ulikuwa na haja gani ya kuyachokonoa? Si kila mtu alikuwa ameshasahau?" Mzee akamjibu, "Mimi nilikuwa kila mtu?" Binti yake anaomba radhi kwa swali lile, hapa, mbele yenu, kwa kuwa alichelewa kuiomba alipokuwa hai.

Miaka minne ikapita. Tarehe 9 Agosti 2008, mchana, mjane wa fundi bomba alibisha hodi. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akauliza, "Alikaa hapa?" Mzee akamfungulia mlango wa upande wa abiria, ambao ulikuwa unafunguka kwa kuinuliwa kidogo. Akapanda, akakaa kwenye springi tupu. Mzee alibaki chini, mkono kwenye mlango.

"Alisema nini mwisho?"

Mama alikuwa barazani, na ndiye shahidi wa jibu hili.

"Alisema, 'Kaka, tusimame kidogo unyooshe mgongo.' Nikamwambia, 'Tumeshafika.'"

 Mjane akalia, kwa mara ya kwanza, anasema, tangu wiki ile ya mazishi. Mama akampelekea maji. Aliposhuka alipangusa uso kwa upande wa kanga yake, akalizunguka lori lote, akagusa kutu hapa na pale.

"Hivi ndivyo litakavyokaa?" aliuliza. "Limalize, shemeji. Linasikitisha mno."

Hakusema amemsamehe. Marehemu alitaka hilo pia lisomwe, msije mkamwongezea yule mama maneno ambayo hakuyasema.

Akalimaliza. Ilimchukua miaka mitano zaidi. Sakafu ya kebini iliyooza aliikata akaichomelea mabati ya pipa. Viti alivishona mama kwa turubai, sindano tatu zikavunjika, na alisema havishoni tena hata akiombwa na rais. Giaboksi ilifunguliwa mara nne, na mara ya nne ikabaki nati moja ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi. Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2013, saa nne asubuhi, injini ilikohoa, ikatema moshi kwenye nguo za jirani, ikakubali.

Kwa miaka sita iliyofuata alibeba mabomba na vipuri kwenda kwa kamati za maji za vijiji vilevile vya zamani, siku yoyote walipompigia simu. Alikuwa na sharti moja. Kila baada ya saa moja na nusu alisimama, akazima injini, akashuka, akakaa kivulini mwa lori robo saa nzima. Awe amechoka au hajachoka, hata kama kijiji kinaonekana pale mbele. Abiria walilalamika. Mwenyekiti mmoja wa kamati alishuka akatembea, akafika kabla yao. Ndipo lilipotoka jina la Taratibu, na wengi waliomwita hivyo walidhani ni uzee.

Mwaka 2019 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walikuta moyo umepanuka, wakamkataza kuendesha. Alikabidhi ufunguo siku hiyo hiyo bila kubishana, jambo lililomtisha mama kuliko ugonjwa wenyewe. Alilazwa mara tano kati ya mwaka huo na 2023. Binti yake muuguzi alimpangia dawa kwenye kikasha cha siku saba; mama alizipanga upya kwa namna anayoielewa yeye. Mwishoni alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni, na mama alilala kwenye kiti pembeni, miezi minne. Anapoulizwa kuhusu miezi hiyo anasema tu, "Tulizoea."

Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2023, alikunywa uji nusu kikombe na kuomba dirisha lifunguliwe. Mama alimgeuzia mito. Akamshika mkono, akasema, "Nawe kalale kidogo, mama watoto." Mama akamwambia atalala akimaliza vyombo. Alipotoka jikoni, saa nane na dakika ishirini mchana, mumewe alikuwa ameshaondoka.

Lori lipo uani. Betri imekufa, na familia haijaamua la kufanya.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada wawili na kaka mmoja. Aliagiza kwamba katika orodha hii hii, si pembeni wala chini yake, watajwe mjane wa fundi bomba na watoto wake wawili. Wawili hao wapo hapa. Mama yao ameketi mstari wa mbele, karibu na mama yetu. Alifika jana kabla ya watu wote, akauliza jiko liko wapi.

Baba, umefika. Pumzika sasa, kwa amani.