Mwalimu Anastazia Oswald, Mpimaji wa Galaksi (1940–1985)

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu tunayemzika leo hapa Mikumi, Mwalimu Anastazia Oswald Petro, alizaliwa Kisanga, wilaya ya Kilosa, tarehe 12 Machi 1940. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Oswald Petro, mkulima wa mpunga, na Mama Filomena, ambaye tuko naye hapa.

Alianza shule Kisanga mwaka 1949, akaendelea na shule ya kati Kilosa. Baba mdogo alitaka aolewe alipomaliza darasa la nane. Marehemu alimwamkia kwa heshima, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, “Baba, nimefaulu. Nitakwenda.” Akaenda. Bendera ya Uhuru ilipopanda alikuwa kwenye masomo ya juu ya sekondari, na mwaka 1966 alipata shahada ya hisabati Makerere, akarudi kufundisha Morogoro.

Mwaka 1969 alipata nafasi ya masomo Uingereza, katika kituo cha kuchunguza nyota. Huko walipima galaksi, yaani makundi ya nyota yaliyo mbali mno, ambayo kwenye picha huonekana kama madoa ya ukungu. Mkuu wa kitengo alikuwa ametunga programu ya kompyuta ya kukadiria ukubwa na mwanga wa kila galaksi. Makala ya matokeo yake ilikuwa tayari kwenda kuchapwa, na jina la marehemu limo.

Yeye akauliza programu imejaribiwaje. Mkuu akajibu, “Tumeipa galaksi mia mbili za kweli. Majibu yanaridhisha.”

“Hizo za kweli hakuna ajuaye ukubwa wake,” marehemu akasema. “Tutajuaje kama imekosea?”

Basi akatunga galaksi zake mwenyewe, za namba tupu. Alichagua ukubwa na mwanga, akaongeza chembechembe na madoa kama ya picha halisi, akaziandika kwa matundu kwenye kadi na kuilisha kompyuta kadi hizo. Kwa kuwa jibu alilijua, alitaka kuona kama programu italirudisha. Galaksi ndogo zilirudi sawasawa. Zile kubwa zenye kingo hafifu zilirudi zimepungua karibu robo.

Mkuu hakupendezwa. Alimwambia galaksi za kutunga si ushahidi, na kwamba nafasi yake ya masomo ingeangaliwa upya. Marehemu aliandika barua ya mistari miwili kuomba jina lake liondolewe kwenye makala. Baadaye alikiri kwamba wiki ile hakuweza kula, maana alijua angeweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Lakini hakuacha. Alichanganya galaksi thelathini za kutunga na thelathini za kweli, akamwomba mkuu azitenganishe. Mkuu alishindwa. Akasema, “Nionyeshe kadi zako.”

Iliwachukua miezi minne. Kosa lilikuwa kwamba programu ilipima mwanga wa anga karibu mno na galaksi, ikadhani kingo zake hafifu ni anga tupu, ikazikata. Ilirekebishwa, galaksi mia mbili zikapimwa upya, na makala ikatoka mwaka 1973 na jina lake.

Aliombwa abaki. Lakini akarudi nyumbani mwaka huohuo, akapangiwa sekondari Kilosa, na Jumamosi alifundisha elimu ya watu wazima Chanzuru, wakati watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku moja Mama alimuuliza, “Nyota za uongo za nini, mwanangu, na za kweli zimejaa?” Akajibu, “Za kweli haziniambii nikikosea, mama.” Mama akamwambia basi aonje mchuzi aseme kama chumvi imetosha. Haikutosha, na akasema hivyo.

Tarehe 23 Agosti 1975 alifunga ndoa na Bwana Lupakisyo, fundi wa mitambo ya barabara, aliyekutana naye hapa Mikumi basi lao lilipoharibika. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Novemba 1983 aligundua uvimbe kwenye titi. Alipasuliwa Dar es Salaam, akarudi darasani muhula uliofuata. Kusimama kulipomshinda alifundisha ameketi, na kidato cha nne cha mwaka jana alikifikisha kwenye mtihani. Januari mwaka huu ilikuja barua kutoka kituo kile cha Uingereza: wana programu mpya, na kabla ya kuiamini wameijaribu kwa galaksi zake. Aliisoma mara mbili, akauliza tu kama imefaulu. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Juni 1985, saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mume, watoto Magreti na Yohana, nami mdogo wake, Theodory. Juma moja kabla hajatutoka aliniita. “Wewe ndiye utakayesoma,” alisema. “Usiniongezee.” Kwa hiyo niseme pia kwamba dada hakuwa mpole, alikuwa na haraka, na mara nyingi alinikaripia mbele za watu. Yote niliyosoma ni kweli. Mungu amlaze pema, dada yetu.