Kozi Aliyoichagua Alliance

Benchi la kahawa la Mama Kavira liko Bwera, upande wa Uganda, kando ya barabara inayoshuka mpakani, na asubuhi ile lilijaa mapema kwa sababu ya mtu mmoja: Gracien, muuza maharage aliyekimbia Butembo, kule Kongo, na binti yake Alliance, wakati huo mtoto mchanga, miezi michache baada ya kumzika mkewe. Sista Marie-Louise wa parokia alikuwa amekubali kumsomesha Alliance Kampala. Baba alitaka unesi. Binti alitaka chuo cha biashara, akasomee mifumo ya taarifa na usimamizi wa uendeshaji. Sista angepiga simu asubuhi hiyo hiyo kusikia neno la baba, na Gracien, maskini, hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

— Mi nasema unesi, — alisema. — Mama yake alikufa kwa kumuzala, damu ilimuisha. Nataka mutoto wangu akuwe pale bamama banazalia. Ile ingine, hata jina yake inanishinda.

Ojara, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Afande, aliweka kikombe chini.

— Sikia mimi! Mifumo ya taarifa ni kazi ya kijasusi. Watamfundisha kupeleleza. Na mutu ya kwanza atapeleleza ni wewe, baba yake.

— Wacha hiyo, Afande. — Huyu alikuwa Magidu, anayevusha mizigo ya watu mpakani, na wakamwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa tamko. — Hii ni ya kompyuta. Wanaweka moja pale Kasese, inajua kila gunia ni ya nani na inaenda wapi. Siku hiyo sisi wote tunarudi nyumbani kulala.

— Na kahawa yangu? — Kavira aliuliza.

— Itajua mutu atakunywa ngapi kabla hajaamka!

— Itajua pia nani atakufa, — Afande aliongeza.

— Hiyo ni kidogo. Itapanga hata mpaka ipite wapi. Gracien analala Uganda, anaamka iko Kongo, na hajatoka kitandani!

Waziri alicheka peke yake. Kwa mtu aliyekimbia kule na mtoto mgongoni, hayo hayakuwa masihara, na uso wa Gracien ulionyesha hivyo. Waziri akajikohoza, akaomba aongezewe tangawizi.

Ndipo Alliance alipofika, akawaamkia wote, akabaki amesimama mbele ya baba yake.

— Papa, niulize kitu moja tu?

— Uliza.

— Siku mama alikufa, nesi alikuwako?

— Alikuwako. Alimushika mukono mpaka mwisho. Alilia kutupita.

— Na dokta?

— Alikuwako.

— Na damu?

Jambo hili Gracien hakuwahi kulisema kijiweni, wala mahali pengine. Damu ya kundi la mkewe ilikuwapo, ndani ya friji, kwenye jengo jipya ng'ambo ya uwanja wa hospitali. Ilikuwa imeletwa wiki ile ile. Aliyeipokea alikuwa amemaliza zamu akaenda zake bila kuiandika wala kumwambia mtu, nesi hajui, dokta hajui. Yeye mwenyewe aliambiwa baada ya mazishi, na tangu hapo hasira yake haijapata wa kumwangukia.

— Ilikuwako, — alisema mwishowe.

— Sasa, papa, ni nani alikosekana?

— Mutu wa kusema damu iko wapi, — Kavira alisema, akiweka birika chini. Gracien alimtazama binti yake na roho ikamuuma, maana mtoto huyu alikuwa ameubeba msiba ule kwa muda mrefu, peke yake, na baba akidhani anacheza na kompyuta.

Simu ikalia.

— Alliance, — alisema, — rudia ile jina. Polepole.

Akaiweka sikioni.

— Sista, bonjour. Ni Gracien. Mutoto atasoma mifumo...

— Ya taarifa, — Alliance alinong'ona.

— Ya taarifa. Na...

Akafuta machozi kwa mkono wa shati; jina lililobaki lilikuwa limemtoka. Sista alikuwa akiita upande wa pili, halo, halo. Afande akainama hadi mdomo wake ukakaribia simu.

— Na usimamizi wa uendeshaji! — alisema kwa sauti kubwa, ili Sista asikie vizuri.